Madaka Si Vidaka vya Mnazi: Yale Niliyojifunza Mjini Lamu

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya upili ya bara, mbali sana na bahari, nikifundisha kwa kutegemea madaftari niliyotoka nayo chuo cha ualimu. Muhula huo tulikuwa tukisoma Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambao unausikitikia mji wa Pate na majumba yake yaliyokuwa yamejaa taa, watu na vyombo vya thamani, kisha yakabaki magofu. Tulipofika penye maelezo ya majumba hayo, msichana mmoja aliyekaa dawati la mbele aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, madaka ni nini?"

Sikujua. Siku zile niliamini kwamba mwalimu akisema "sijui" amevuliwa heshima mbele ya darasa, kwa hiyo nikatafuta jibu upesi. Chuoni nilikuwa nimekariri hatua za tunda la mnazi: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Nikakata shauri kwamba madaka lazima yawe ni vidaka vikubwa vya mnazi. Yule msichana hakuridhika. Aliuliza makinda ya ndege yatalalaje katika vidaka, kwa kuwa utenzi unasema ndege wamefanya makao humo. Nikamweleza kwamba mnazi ukikosa mkwezi, ndege hujenga viota vyao katikati ya vidaka, na kwamba hivyo ndivyo mshairi alivyoonyesha jinsi shamba lilivyohamwa. Karibu kabisa na neno hilo mshairi ametaja sahani. Hizo nilizipita kimya.

Darasa zima likaandika. Maelezo hayo niliyarudia kwa miaka 6, kila mwaka nikiyapamba zaidi.

Likizo ya Agosti mwaka 1994 nilipata nafasi ya kwenda Lamu kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kama mtalii, sikuwa na nia ya kujifunza lolote. Basi lilitufikisha Mokowe, tukavuka kwa mashua, na ule mji wa mawe ukatokea mbele yetu ukiwa umeugeukia mkondo wa bahari. Wenyeji huuita Amu, na lahaja yao ni Kiamu, lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya ushairi wetu wa kale. Kwa mtu aliyesoma tenzi kwenye karatasi tu, kusikia watu sokoni wakisema "yuu", "tini" na "ndia" ni sawa na kukutana ana kwa ana na mtu uliyezoea kupokea barua zake.

Siku ya pili niliingia katika nyumba ya makumbusho iliyoko ndani ya mitaa, nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kupambwa kama ilivyokuwa ikikaliwa zamani. Mzee mmoja alikuwa akiwatembeza wageni. Tulipofika chumba cha ndani kabisa, nilisimama. Ukuta mzima wa mwisho ulikuwa umetobolewa vijumba vidogo vidogo vya chokaa, safu juu ya safu, vyenye mapindo ya kupendeza kingoni, na ndani ya baadhi yake mmewekwa sahani na mabakuli ya kauri.

"Mzee," nikauliza, "hivi vishimo vya ukutani vinaitwaje?"

"Hizi ni zidaka, mwanangu," akanijibu. "Kimoja ni kidaka. Kikiwa kikubwa ni daka, na yakiwa mengi ni madaka."

Sikusema kitu. Nilitazama sahani zile, nikaiona nyumba ya Pate imeporomoka paa, sahani zimekwisha kuchukuliwa, na makinda ya ndege yamelala mahali pake. Sayyid Abdalla hakuwa akizungumza juu ya shamba. Alikuwa akizungumza juu ya ukuta huu, wa chumba hiki cha siri cha mwenye nyumba, mahali ambapo mgeni hakuruhusiwa hata kuchungulia. Kwamba ndege wa porini ndio waliopata kuingia humo ndiyo uchungu wote wa beti zile. Mimi niliutoa uchungu huo chumbani nikaupeleka mnazini.

Nimeeleza kisa hiki si kwa kupenda kujiaibisha, bali kwa sababu kilinifundisha jambo ambalo madaftari ya chuo hayakunifundisha: kitu kikipoteza jina lake, au jina likipoteza kitu chake, kilichobaki ni nusu. Mji mdogo kama Lamu una nusu zote mbili, ndiyo maana kila mpenzi wa ushairi apaswa kuujua.

Hebu tuitembee nyumba ile kwa maneno yake. Ukitoka njiani unafika kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba hukaa na wageni wasioingia ndani. Zingatia kwamba neno ni lile lile: daka la mlangoni ni uwazi ulioingia ukutani ukapokea watu, na daka la chumbani ni uwazi ulioingia ukutani ukapokea vyombo. Mlango wenyewe ni wa mbao zilizochongwa, una miimo yake, kizingiti chake, na mfaa ule wa katikati unaozikutanisha mbawa mbili. Ukivuka unaingia tekani, ambayo imekaa kwa pembe ili aliyeko njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha unafika kiwanda, yaani uwanja wa ndani usioezekwa unaoleta mwanga na hewa. Katika Kiswahili cha leo kiwanda ni mahali pa mashine na moshi. Pale Amu bado ni mahali pa kutazama mbingu.

Baada ya kiwanda yanakuja majumba marefu membamba yaliyofuatana: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kadiri unavyoendelea ndivyo faragha inavyozidi. Nyuma ya ndani kuna nyumba kati, chumba ambacho watoto walizaliwa humo na maiti wakaoshwa humo. Mtu aliingia duniani na kutoka kupitia chumba kimoja. Sijui ni mashairi mangapi ya mauti niliyoyafundisha bila ya kujua kwamba mshairi, kila alipolitaja kaburi kuwa ni nyumba, alikuwa na nyumba ya namna hii akilini mwake.

Wembamba wa vyumba hivyo nao una sababu yake. Dari hushikwa na boriti, ambazo ni nguzo za mikoko, na mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa una kipimo chake. Kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Nyumba iliweza kuwa ndefu, iliweza kupanda ghorofa, lakini haikuweza kupanuka kuliko boriti. Washairi wenzangu watanielewa nikisema kwamba hiyo ni mizani. Fundi wa Amu alipewa kipimo kisichobadilika, akautafuta uzuri ndani yake, kama vile mtunzi anavyopewa silabi 8 za kipande.

Msalani mna birika la maji, na katika birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika mitaa, baadhi ya nyumba zimeunganishwa kwa chumba kinachopita juu ya njia, ambacho huitwa wikio. Kwa wikio wanawake wa jamaa moja waliweza kwenda nyumba ya pili bila kushuka njiani.

Makumbusho yenyewe ya Lamu yako mbele, yametazama bahari, katika jumba la kale lililowahi kukaliwa na wakuu wa serikali ya kikoloni. Yalifunguliwa mwaka 1971. Humo ndimo nilimopata somo langu la pili, juu ya siwa. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba siwa ni "aina ya tarumbeta la kifalme", nao wakachora tarumbeta. Siwa mbili mashuhuri za pwani hii ni ile ya Pate, ya pembe ya ndovu, na ile ya Lamu, ya shaba. Ile ya pembe ni ndefu kuliko mtu. Lakini jambo ambalo mwalimu wa bara hawezi kulikisia ni kwamba tundu la kupulizia haliko nchani, liko ubavuni. Mpigaji huishika kwa mkingamo. Ilipigwa katika sherehe za watu wakubwa, harusi za waungwana zikiwemo, na kuwa na haki ya kupigiwa siwa kulikuwa ni kuwa na nasaba. Basi shairi linapomtaja mtu aliyepigiwa siwa, halisemi kwamba palikuwa na muziki. Linataja daraja yake.

Katikati ya mji iko ngome. Ujenzi wake unahesabiwa tangu 1813 hadi 1821, baada ya Vita vya Shela, ambapo watu wa Amu waliwashinda watu wa Pate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa. Ushindi huo haukuwaondolea hofu, wakautafuta ulinzi wa Oman, na hapo nguvu ya kisiasa ya pwani ya kaskazini ikahama Pate. Ngome ikaja kuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, kabla ya kukabidhiwa kwa makumbusho. Wanahistoria huyasoma hayo katika barua na tarehe. Sisi tunayo hazina nyingine. Wakati ule ule miji hii ilipokuwa ikipigana, ilikuwa pia ikitungiana. Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa Amu, alikuwa mshairi; upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji. Mashairi yalivuka bahari yakiwa na vitisho, kejeli na mafumbo, na yakajibiwa.

Mafumbo hayo yalinishinda nilipokuwa nikiyafundisha. Niliposimama juu ya ngome nikaiona bahari waliyotoka wapinzani, na nikakumbuka kwamba Shela iko mwendo mfupi tu ufuoni, nilielewa kwamba mengi yaliyokuwa mafumbo kwangu hayakuwa mafumbo kwa waliosikia mara ya kwanza. Walikuwa wanajua ni mlango gani, ni upepo gani na ni jirani gani anayesemwa.

Hata mama aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, alitunga akiwa na vitu hivi mikononi. Anamfundisha mwanawe adabu, dini, na namna ya kujipamba na kujifukiza kwa ajili ya mumewe. Mwanafunzi asiyeona mrashi wala chetezo atasoma mashauri hayo kama orodha. Akiviona vyombo hivyo vya shaba na fedha, vilivyochakaa kwa kushikwa, atajua kwamba mama yule alikuwa akiongea na binti ambaye angevitumia jioni ile ile.

Nilirudi Lamu baada ya kustaafu, mwaka 2021. Mji ulikuwa umekwisha kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Palikuwa na vya kutazama ambavyo sikuviona mara ya kwanza, kama nyumba ya posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kati ya 1888 na 1891 wakati Ujerumani ilipokuwa na mkono wake Witu. Kijana mmoja mcheshi alinitembeza mitaani. Tarehe zote alizijua kuliko mimi. Lakini tulipoingia katika nyumba moja ya zamani aliniambia, "Na hizi ni shelfu za ukutani." Tulipopita chini ya wikio akasema, "Hapa juu ni daraja."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi barazani alimsikia. "Wikio, mwanangu," akamwambia bila kuinua sauti. "Daraja ni la kuvukia maji."

Kijana akacheka, akashukuru, tukaendelea. Nami nikaingiwa na hofu. Miaka 27 kabla, mtu wa bara hakulijua neno na mtu wa Amu akamfundisha. Sasa neno lilikuwa likitoka hata Amu, na kuta bado zimesimama. Serikali na mashirika wanaweza kuleta chokaa na boriti. Hakuna anayeleta neno kwa jahazi.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema kuliko wengi alikuwa mwana wa Lamu mwenyewe, Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Wengi humjua kwa istilahi alizobuni, kama "runinga". Lakini kabla ya kubuni maneno mapya alihangaika kuokoa ya kale. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alitunga utenzi juu ya ujenzi wa chombo cha baharini, akaweka ndani yake majina ya mbao, viungo na kazi za mafundi. Kiwandeo ni jina la kale la Lamu: kiwa ni kisiwa kwa Kiamu, na ndeo ni fahari. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, aliufanyia mnazi kazi kama hiyo. Laiti ningekuwa nacho kitabu hicho miaka ya mwanzo ya kazi yangu, ningejua walau mahali vidaka vya mnazi vinapoishia.

Fikiria mtepe, chombo kile cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe imetoweka baharini. Katika makumbusho unaweza kuuona mfano wake, nao hauna sauti. Unaonyesha umbo, hausemi fundi aliita nini kila kipande alipomwambia mwanafunzi wake amletee. Utenzi wa Nabhany unasema. Lakini aliyeusoma utenzi bila kuona chombo naye atafanya kama nilivyofanya mimi: atachukua neno alilolizoea kwao alibandike mahali pasipo pake.

Lugha yetu imelificha wazo hili katika neno lenyewe. Makumbusho yanatokana na kukumbusha, na kukumbusha kunahitaji wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Chombo kilichoko ndani ya kioo hakiwezi kukumbusha peke yake. Bila ya yule mzee wa 1994 ningeondoka na picha ya vishimo vizuri vya ukutani. Bila ya bibi wa barazani yule kijana angeendelea kuwaonyesha wageni daraja lisilovuka maji.

Nimalize na kisa changu. Mwaka 2009 nilihudhuria semina ya walimu wa Kiswahili. Wakati wa chai mwanamke mmoja alinijia akiwa na tabasamu, akaniamkia kwa heshima, akanikumbusha jina lake. Alikuwa yule msichana wa dawati la mbele. Alikuwa amekuwa mwalimu wa fasihi. "Mwalimu," akasema, "mpaka leo nikifundisha Inkishafi nawapa wanafunzi maelezo yako ya madaka na vidaka vya mnazi. Huwa wanayapenda sana."

Nilimkalisha chini nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Basi ndiyo maana kulikuwa na sahani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kwamba jambo hilo la sahani lilimsumbua tangu siku ile, lakini aliona haya kuniuliza mara ya tatu.

Madarasa yaliyofuata baada ya 1994 niliyasahihisha. Yale 6 ya mwanzo sikuweza kuyaita tena, na yeye mwenyewe tayari alikuwa amewafundisha wengine kwa miaka mingi. Ndiyo sababu nawaomba wenzangu walimu: mkifundisha tenzi za kale, chora ukuta, leta picha, na mkishindwa semeni "sijui". Na washairi nawaomba jambo moja. Katika kila mji mdogo wenye nyumba ya kale, kaburi la nguzo au karakana ya majahazi, yupo mtu barazani ambaye angali analijua jina la kila kipande. Mwendeeni angali hai, mumuulize, kisha mlitie neno lake ndani ya vina, ambamo halitoki kwa urahisi. Mimi nimeanza na ubeti mmoja, wa kulipa deni:

Mawe yapo ukutani, chokaa yang'aa sana,
Neno liwapi jamani, la kuyapatia jina?
Likitoka ulimini, halirudi tena, wana,
Litieni shairini, walipokee vijana.